Taa ya Kushoto ya Lori la Mbele

Wanasema udereva haufundishwi kwenye simu. Wanasema hivyo pale kijiweni Mandewa, jirani na fundi wa matairi, wazee wenzangu tuliomalizia magoti yetu kwenye klachi, na wakishasema hucheka mpaka wanakohoa. "Labda na ugali atakula kwenye simu," alisema mmoja wao siku mjukuu wangu alipopita na kuwaamkia. Nimekaa nao muda mrefu, kahawa yao nimekunywa, matusi yao nayajua. Lakini kwa hili nimewakatalia na nitaendelea kuwakatalia. Wakininyima kiti nitakuja na kigoda changu.

Naitwa Yunisi. Nimeendesha malori ya alizeti, ya vitunguu, ya mbolea na ya kila kitu kinachopakiwa kati ya Mkalama, Iramba na Singida mjini, mpaka magoti yalipogoma. Ndiyo, mwanamke. Msishangae, maana walioshangaa walikwisha kushangaa zamani. Siku za mwanzo nikisimamisha lori pale Misigiri kwenye vibanda vya chakula, watu waliacha sahani zao wakaja kutazama. Mama mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa kama mume wangu anaumwa. Nikamwambia ni mzima, yuko nyumbani anachunga mbuzi. Alinionea huruma zaidi.

Nataka kuwaambia habari za mjukuu wangu Rehema na mafunzo yake ya simu, lakini siwezi kufika huko kabla sijawaambia sisi tulivyofundishwa. Mtanivumilia. Mzee akishika usukani wa maneno, abiria hamna la kufanya.

Sisi tulifundishwa kwa utingo. Unaingia kwenye lori la mtu, unamwoshea, unamwekea jiwe nyuma ya tairi akisimama kilimani, unampikia, unalala juu ya magunia. Usukani hupewi. Unautazama tu, kama mtoto anavyotazama nyama ya wageni. Siku ukipewa, unapewa mkirudi tupu, kwenye njia ya vumbi, mahali ambapo hakuna trafiki wala shahidi. Na hakuna anayekueleza kitu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Athumani wa Iguguno, na alinifundisha kwa vidole vyake. Akinigonga goti mara moja, nikanyage klachi. Akinigonga bega, nishuke gia. Akinipiga kwenzi kichwani, nimeshakosea na nijue mwenyewe nimekosea nini.

Nilimuuliza mara nyingi, "Kwa nini?" Jibu lake lilikuwa moja: "Kwa sababu nimesema."

Simsemi vibaya. Athumani alikuwa dereva hasa. Alisikia tairi linalopungua upepo kabla hatujalitazama, kwa mlio tu. Alijua mbuzi mdogo akivuka barabara usiangalie alikokwenda, angalia alikotoka, maana mama yake anakuja nyuma na hatakungoja. Alinifundisha kwamba mzigo wa alizeti unadanganya: magunia ni mepesi, kwa hiyo watu wanayapandisha juu sana, halafu upepo wetu wa Singida ukipiga ubavuni gari linahama njia lenyewe. Punguza mwendo kabla hujatoka kwenye kivuli cha mwamba, usingoje upepo ukukute. Hayo yote niliyapata kwake na mpaka leo nayatumia kwenye kiti cha nyuma, nikimsumbua kila anayeniendesha.

Lakini alikuwa pia na mambo yake ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Akiteremka mlima wa Sekenke aliweka fri, gia akaitoa kabisa, ili kuokoa dizeli, na lori likateremka lenyewe huku yeye akiimba. Mimi niliomba. Nilimuuliza siku moja breki zikichoka atafanya nini, akaniambia breki zake zina adabu. Sasa ninyi mnacheka. Sisi hatukucheka, tuliona ndio ujuzi.

Na kulikuwa na ile habari ya taa. Vijana wengi mnaijua, na wasioijua wataijua wakianza kushika barabara kuu. Ukiwa nyuma ya lori refu, huoni mbele. Dereva wa lori anaona. Basi kuna makubaliano ya barabarani ambayo hayakuandikwa popote: akiwasha indiketa ya kulia, anakuambia subiri, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia pita, kweupe. Wewe unapita, unapiga honi kidogo ya asante, mnaachana mkiwa marafiki. Athumani aliipenda sana desturi hii. Alisema ndiyo heshima ya madereva, na asiyeijua si dereva, ni mtu aliyekaa kwenye gari.

Siku moja tulikuwa tunatoka Iguguno na shehena ya alizeti, mchana kweupe, jua linawaka. Athumani anaendesha, mimi niko kushoto kwake. Kilima kinakaribia. Pembeni ya barabara kuna mama amekaa na tenga la kuku, wale kuku wetu wa Singida ambao watu wa mbali wanasimamisha magari kwa ajili yao. Athumani alikuwa na wageni nyumbani siku hiyo. Akawasha taa ya kushoto, akaanza kupunguza mwendo ili asimame anunue kuku.

Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo. Nililiona kwenye kioo cha upande wangu, halafu sikuliona tena, kwa sababu lilikuwa limechomoka ili litupite. Dereva wake aliona taa ya kushoto. Akajua ameruhusiwa. Kutoka juu ya kilima likaja basi.

Sitawaeleza zaidi ya haya: alikuwa kijana, amevaa kanzu nyeupe mpya, alikuwa anakwenda harusini. Yule mama alipiga kelele, tenga likaanguka, kuku wakatawanyika barabarani wakikimbia katikati ya vioo. Athumani alishuka akasimama pale kwenye lami na mikono yake ikining'inia. Kila aliyekuja alimwambia maneno yaleyale. "Mimi nilikuwa nasimama kununua kuku. Nilikuwa nasimama kununua kuku."

Trafiki walipokuja walimwambia hana kosa. Na kweli hakuwa nalo. Mtu anayetaka kusimama kushoto anawasha taa ya kushoto, angewasha ipi? Tukaondoka. Njiani akasema jambo moja tu, kwamba yule kijana hakuijua lugha ya barabara. Sikumjibu, nilikuwa mwanafunzi wake. Lakini moyoni nilisema, aliijua. Aliijua vizuri kuliko wote, ndiyo maana amekufa.

Tangu siku ile Athumani hakununua tena kuku barabarani. Na mimi, nilipopata lori langu mwenyewe, sikumwashia mtu taa. Mabasi yalinipigia honi nyuma mpaka masikio yakazoea. Madereva waliniita mchoyo. Kwenye sheli, tukijaza mafuta, walinisema nikiwepo, eti mwanamke hata taa anabania. Nikawaambia taa zangu ni za kusema ninakokwenda mimi. Anayetaka kujua kuliko na magari atumie macho yake, Mungu alimpa bure.

Haya. Sasa Rehema.

Rehema ni mtoto wa binti yangu aliyeolewa Manyoni. Alipomaliza kidato cha nne alikuja kukaa na mimi hapa Mandewa, na jambo la kwanza aliloniambia, hata begi hajafungua, ni kwamba anataka kuwa dereva. Nikafurahi mpaka nikajificha jikoni. Nikategemea ataniomba nimtafutie mtu wa kumbeba kwenye lori. Badala yake akanionyesha simu. Kuna shule ya udereva inayofundisha nadharia kwa mtandao: unajiunga, unatazama video, unasikiliza mwalimu moja kwa moja jioni, unafanya majaribio, ukifaulu somo moja ndipo linafunguka lingine. Baadaye ndipo unakwenda kwenye gari na mwalimu wa hapa mjini, halafu trafiki wanakutahini.

"Na utingo?" nikamuuliza.

"Bibi, utingo wa nini? Hapa ninaelezwa."

Nilikaa naye. Sina kazi nyingine, na nilitaka kuona huyo mwalimu wa kwenye simu ana ujuzi gani. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na nilibishana naye kila jioni ingawa hakunisikia. Baadhi ya video zilitoka nchi za watu, wakamfundisha mtoto wangu kuendesha kwenye theluji. Theluji, Singida! Nikamwambia aruke hiyo. "Je, nikienda huko?" akasema, akaitazama yote mpaka mwisho na kuandika. Na mambo ya kwetu hayakuwemo. Hakuna neno juu ya upepo na magunia ya alizeti, hakuna neno juu ya ng'ombe ambaye ukimpigia honi ndio kwanza anasimama akutazame. Hayo nilimjazia mimi. Tuligawana kazi, mimi na yule mwanamke wa kwenye simu.

Mazoezi alifanya uani. Alikaa kwenye kigoda, akashika ungo wangu wa kupepetea kama usukani, akapanga matofali matatu chini ya miguu: klachi, breki, mafuta. Alifumba macho, akasema kwa sauti, "Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, geuza shingo, ondoka." Majirani waliegemea ukuta wakatazama. Wazee wa kijiweni wakapata habari, wakaja nao, wakaniuliza kama ungo umekatiwa bima. Rehema hakufungua macho. Alimaliza, akarudia tena tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nachambua mchicha pale pale, nikawaambia wazee hao kwamba katika ujana wao wangepata hata ungo wa kujifunzia, leo wengine wasingekuwa wanachechemea.

Jioni moja likaja swali. Nalikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeinua kikombe cha chai na sikukifikisha mdomoni. Gari lililo mbele yako limewasha taa ya kushoto. Wewe huoni kilicho mbele yake. Utafanya nini? Na majibu chini yake. Nilimtazama Rehema nikijua barabara yetu ingejibu nini. Yeye akasoma taratibu, akabonyeza: kaa nyuma, acha nafasi, usipite mpaka uone mwenyewe.

Simu ikampa tiki ya kijani. Yule mwanamke akaeleza kwa nini, kwa sauti yake ya upole. Taa ya mwenzako inasema nia yake, wewe huwezi kujua kama anasimama au anakuita, na hata akikuita, macho yake hayakai kwenye gari lako. Alieleza "kwa nini". Nilikaa pale na chai yangu nikamkumbuka yule kijana wa kanzu, nikapata hasira ambayo sikuijua ilikotoka. Jambo hili lingeweza kusemwa. Lilikuwa maneno machache tu, mtu angeweza kutuambia tukiwa tumekaa, tumeshiba, hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo wakiniambia udereva haufundishwi kwenye simu, nawauliza sisi tulifundishwa kwenye nini. Tulifundishwa kwenye watu. Kila tulichokijua kilikuwa na maiti nyuma yake, na tukajisifu tuna uzoefu.

Rehema alifaulu. Alikwenda kwenye gari, akatahiniwa, leseni akapata. Hapo ndipo shida ikaanza, kwa sababu leseni ni jambo moja na kupewa gari ni jambo lingine. Kule Iguguno kuna kikundi cha akina mama wenye mashine ya kukamua alizeti. Wana pikapu ya milango minne ya kukusanyia magunia vijijini, na dereva wao alikuwa amewaacha msimu ukiwa umepamba moto. Rehema aliomba. Mwenyekiti wao, Mama Naomi, alimpenda tangu alipomsikia akizungumza, lakini wanakikundi wengine waliguna: mtoto, msichana, amejifunza kwenye simu. Wakakubaliana kwamba apimwe na mtu mzima anayeijua barabara. Akisema anafaa, apewe funguo. Akisema hafai, basi. Na mtu mzima anayeijua barabara kuliko wote Iguguno ni nani kama si Mzee Athumani?

Pikapu ilikuwa mjini ikitengenezwa, na kipimo kilikuwa Rehema airudishe Iguguno. Athumani akapanda basi akaja Mandewa, ameshika fimbo, kofia yake imenyooka, mzee kweli sasa lakini macho bado makali. Rehema akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo, Babu. Na wa gari pia."

Athumani akanigeukia. "Binti, huyu ni wako kabisa." Mpaka leo ananiita binti, nami nina wajukuu.

Rehema akazunguka gari. Akagusa matairi kwa kiganja, akainama kutazama chini kama kuna kinachovuja, akafuta taa za nyuma kwa khanga yake. Athumani alikwisha kukaa mbele, anagonga fimbo sakafuni. Mimi nikakaa nyuma. Rehema akaingia, akarekebisha vioo, akafunga mkanda, halafu akaweka mikono mapajani akatulia.

"Tunangoja nini?" akasema Athumani.

"Mkanda wako, Babu."

"Mimi nimeendesha magari mama yako hajazaliwa."

"Ni kweli, Babu. Nakuomba ufunge, ndipo tuondoke."

Ninyi mnajua kwetu mtoto hamwamrishi mzee. Lakini hakuamrisha. Aliomba, akakaa, na gari halikuwaka. Niliona shingo yake ina jasho, na jua bado lilikuwa la asubuhi. Kazi yote aliyoitamani ilikuwa imekaa pale pembeni yake imeshika fimbo, na yeye anaikasirisha hata kabla ya kutia gia. Athumani akavuta mkanda, akaufunga kwa hasira, ukabana fimbo, ikabidi aufungue afunge tena.

Rehema aliendesha vizuri. Mjini alipita taratibu, kwenye matuta hakuturusha, upepo ulipotupiga tulipotoka kwenye miamba nilimwona ameshapunguza kabla. Athumani hakusema kitu, na kwa Athumani kunyamaza ni sifa. Nikaanza kupumua.

Tulipokaribia Iguguno tukalikuta lori. Semi ndefu, imefunikwa turubai, inapanda kilima kwa kujikokota. Rehema akakaa nyuma yake kwa mbali. Nyuma yetu yakajipanga magari, na honi zikaanza. Lori likawasha taa ya kushoto.

"Pita," akasema Athumani.

Rehema hakupita.

"Pita, binti. Amekuruhusu."

"Sioni mbele, Babu."

"Yeye anaona!"

"Yeye yuko mbele, Babu. Mimi niko huku."

Athumani akageuka mzima mzima kwenye kiti. Akamwambia kwa Kinyiramba maneno ambayo sitayaandika, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili yamwingie vizuri. Kwamba hiyo ndiyo heshima ya barabara. Kwamba mtu anayekuonea mbele ukimkatalia unamtukana. Kwamba asiyejua kusoma taa hatafika popote na magunia ya watu. "Nakuambia pita! Mimi ndiye ninayekupima!"

Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Lakini usukani haukuwa wangu, na nilijua nikimtetea sasa, atakuwa ametetewa na bibi yake, hatakuwa amesimama mwenyewe. Nikaushika mkanda wangu kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Babu," akasema Rehema. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. "Sitapita mpaka nione."

Gari moja nyuma yetu likachoka, likachomoka, likatupita sisi na lori pamoja kwa honi ndefu, na dereva wake akatuonyesha mkono. Likapotea juu ya kilima. Hatukusikia kishindo.

Ninyi mnaosoma mnangoja niwaambie lilitokea basi. Halikutokea. Tulifika juu ya kilima, barabara ilikuwa nyeupe mpaka kule kwenye mashamba ya alizeti, hata baiskeli haikuwepo. Yule wa lori hakudanganya. Kama Rehema angepita, tungepita salama na kupiga honi ya asante.

"Umeona?" akasema Athumani, amefurahi mno. "Umeona? Kweupe! Ungekuwa umeshafika!"

Rehema akatazama mbele, akatazama vioo, akawasha taa yake mwenyewe, akageuza shingo, akalipita lori bila haraka, akarudi kwenye njia. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakuanguka. Alijua ameikosa kazi.

Hapo ndipo nikasogea mbele mpaka mdomo wangu ukafika karibu na kofia ya mwalimu wangu.

"Athumani," nikasema. "Kuku."

Furaha ikamtoka usoni. Aliacha kugonga fimbo. Akageuza uso dirishani, kule pembeni ya barabara ambako akina mama bado hukaa na matenga yao.

"Kuku gani, Bibi?" akauliza Rehema.

Nikarudi nyuma kwenye kiti changu. Tukaenda hivyo mpaka Iguguno.

Uani kwenye mashine walikuwa wanatungoja. Pumba za alizeti zimetapakaa kila mahali, harufu ya mafuta mabichi, akina mama wamejifunga vitambaa vichwani, Mama Naomi mbele yao. Rehema akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akazima, akabaki amekaa akishika usukani. Athumani akashuka polepole kwa fimbo yake. Nami nikashuka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, na sisemi hivyo kwa utani. Nilikuwa nimepanga maneno ambayo yangenifukuzisha Iguguno milele.

"Haya, mzee wetu," akasema Mama Naomi. "Tupe habari."

Athumani akatazama chini. "Huyu mtoto atawachelewesha," akasema.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, si tulisema. Nikavuta pumzi nianze, lakini Mama Naomi alikuwa bado anamtazama mzee usoni, kama anayeona kuna gunia jingine halijashushwa.

"Atatuchelewesha," akasema. "Sawa. Atatuua?"

Athumani akageuka kutazama barabara tuliyotoka, na mama aliyekuwa akichekecha mbegu akasimama na chekecheke mkononi. Mimi nilijua anamwona nani. Nami nilikuwa namwona, na kanzu yake.

"Hapana," akasema. "Huyu hatawaua."

"Basi tutachelewa," akasema Mama Naomi. "Alizeti haiozi." Akaenda kwenye dirisha la gari akamwambia Rehema funguo abaki nazo.

Athumani hajaacha kuipenda desturi yake. Juzi tu nilimsikia akimwambia mtu kwamba vijana wa siku hizi hawajui kusoma taa. Nikamwambia ni kweli, hawajui, na Mungu awazidishie. Alinitukana, tukanywa kahawa.

Vijana, jifunzeni kokote. Kwenye simu, kwenye ungo, kwenye matofali, kwa mwanamke mwenye sauti ya upole ambaye hamtamwona maishani. Mtu akiwaambia jambo la barabarani, mwulizeni kwa nini, na akijibu kwa sababu nimesema, mwamkieni kwa heshima zote na msifanye alichosema. Hata kama ni mimi.

Na ukiwa na haraka siku moja, kwenye kile kilima cha kuelekea Iguguno, ukaikuta pikapu imejaa magunia iko nyuma ya lori lililowasha taa ya kushoto, na haipiti, piga honi utakavyo. Tukana ukitaka, tumeshatukanwa na wakubwa zako. Anayeendesha ni mjukuu wangu, na hatapita mpaka aone.